Swichi ya kukata betri: Kinga ya dereva inayogeuka mtego ikifungwa nusu

MASHABIKI wa mbio za magari za Safari Rally, ambazo zilirejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mnamo 2021 na kupiga kambi Naivasha, huona alama moja ndogo kwenye kila gari la mashindano. Ni pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe, na katikati yake mna mchoro wa cheche nyekundu ya umeme.

Alama hiyo haikuwekwa kwa minajili ya urembo. Huonyesha mahali ilipo swichi ya kukata betri, kifaa ambacho mtu yeyote, hata asiyelifahamu gari hilo, anaweza kukitumia kuzima injini na umeme wote pindi ajali inapotokea.

Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia michezo ya magari, zinaagiza kwamba swichi hiyo ikate umeme wa betri, alternata, taa, honi na mfumo wa kuwasha injini, na papo hapo izime injini yenyewe. Aidha, ni lazima isitoe cheche inapotumiwa, na iweze kufikiwa kutoka ndani na nje ya gari. Kitako cha pembetatu nacho hakifai kupungua sentimita 12.

Hata hivyo, kifaa hiki si cha magari ya mashindano pekee. Kwa miaka mingi kimekuwa kikipendwa na watu wanaojiundia magari yao wenyewe nyumbani, hasa nchini Uingereza, ambako uundaji wa aina hiyo umekita mizizi.

Gari lililovuma zaidi katika uwanja huo ni Lotus Seven, lililozinduliwa na mhandisi Colin Chapman mnamo 1957. Mnunuzi aliuziwa vipuri vikiwa katika masanduku, akaviunganisha mwenyewe, na hivyo kuepuka ushuru uliotozwa magari yaliyokuwa yameundwa tayari.

Ushuru huo uliondolewa mnamo 1973, nafasi yake ikatwaliwa na ushuru wa thamani ya ziada. Mwaka uo huo, kampuni ya Caterham Cars ilichukua haki za kuunda gari hilo. Ijapokuwa faida ya ushuru ilitoweka, hamu ya watu kuketi katika gari walilolifunga kwa mikono yao haikutoweka.

Ni katika magari haya ya kujiundia ambamo swichi ya kukata betri ina umuhimu mkubwa, na pia ambamo hufungwa visivyo mara kwa mara.

Kwa nini gari la kujiundia?

Sababu ya kwanza ni nyaya. Katika gari lililotoka kiwandani, njia ya kila waya ilipangwa na wahandisi na kufanyiwa majaribio kabla ya gari la kwanza kuuzwa. Katika gari la kujiundia, nyaya hupitishwa na mwenye gari, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Waya mnene unaotoka kwenye betri hadi kwenye stata ndio wa kuogopwa zaidi. Katika magari mengi waya huo hauna fyuzi, kwa kuwa stata huhitaji umeme mwingi mno. Iwapo ngozi yake ya plastiki itasuguliwa na ukingo wa chuma hadi ichubuke, betri itamwaga mamia ya ampea kupitia fremu ya gari. Waya huo huwa mwekundu kama kaa la moto kwa muda mfupi, na hakuna fyuzi ya kuukatiza.

Sababu ya pili ni bodi. Magari mengi ya kujiundia yana bodi ya faibaglasi, ambayo huungua na kutoa moshi mzito. Mabomba ya petroli nayo hupita karibu na nyaya kwa sababu gari lenyewe ni dogo na nafasi ni finyu.

Sababu ya tatu ni kwamba magari haya hukaa bila kutumiwa kwa wiki nyingi. Saa, redio na king'ora cha wizi huendelea kunyonya umeme hata gari likiwa limezimwa. Kifaa kinachonyonya miliampea 50 pekee humaliza ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 40 itakuwa imekauka baada ya takriban siku 33.

Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa muda mrefu, chembechembe ngumu za salfeti hujijenga juu ya bamba zake. Hata ikichajiwa baadaye, haitarejesha nguvu zake za awali.

Fauka ya hayo, swichi nyingi za aina hii huwa na ufunguo unaochomolewa. Mwizi anayelikuta gari bila ufunguo huo hupata kazi ya ziada, na mtoto anayecheza kitini hawezi kuliwasha.

Mtego wa alternata

Hapa ndipo penye kosa ambalo huwanasa hata mafundi wazoefu. Wengi huamini kwamba betri ikikatwa, gari litazima. Hilo ni kweli tu injini ikiwa haijawashwa.

Injini inapozunguka, alternata huzalisha umeme wake yenyewe. Kwa kawaida waya wake mkuu huunganishwa kwenye stata au kwenye kisanduku cha fyuzi, yaani upande wa gari na wala si upande wa betri. Kwa hivyo swichi inapotenga betri, alternata hubaki imeungana na koili, pampu ya petroli na taa. Injini huendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hebu fikiria dereva ambaye gari lake limepinduka huku petroli ikitiririka. Anageuza ufunguo wa swichi, kifaa alichokitegemea kwa saa kama hiyo, na injini haizimi. Pampu inazidi kusukuma petroli. Dereva huyo yumo katika hatari kubwa kuliko mwenzake asiye na swichi, kwa sababu sekunde alizopaswa kuutafuta ufunguo wa kawaida amezipoteza akiamini kwamba kazi imekwisha.

Mbali na hayo, kuna madhara ya pili. Betri hutuliza umeme wa alternata jinsi bwawa linavyotuliza maji ya mto. Ikiondolewa ghafla wakati alternata inachaji kwa nguvu, kiwango cha umeme hupaa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Katika alternata zisizo na kinga ya ndani, kinaweza kupita volti 60 katika gari la volti 12. Dayodi za alternata huungua, na kompyuta ya injini inaweza kuharibika kabisa.

Ncha sita badala ya mbili

Suluhisho ni swichi yenye ncha sita. Ncha mbili kubwa ni za waya mnene wa betri. Ncha nne ndogo hufanya kazi mbili tofauti, kila jozi ikiwa na yake.

Jozi ya kwanza huwa imeungana wakati swichi imewashwa na hutengana inapozimwa. Hapo ndipo hupitishwa waya unaopeleka umeme kwenye koili. Katika injini inayoongozwa na kompyuta, hupitishwa waya unaowasha rilei kuu ya kompyuta hiyo na ya pampu ya petroli. Waya huo ukikatika, injini hufa hata kama alternata ingali na nguvu.

Jozi ya pili hufanya kinyume. Hutengana wakati swichi imewashwa na huungana inapozimwa. Kazi yake ni kuuelekeza umeme wa alternata kwenye rezista, kisha kwenye fremu ya gari, ili ule mpando wa ghafla upate mahali pa kumezwa.

Rezista inayouzwa pamoja na swichi hizi kwa kawaida ni ya omu 3 na wati 11. Kwa volti 12, rezista hiyo hupitisha ampea 4, ambazo ni sawa na wati 48. Hiki ni kiwango kinachozidi uwezo wake, lakini haina neno kwa sababu hufanya kazi kwa sekunde chache tu hadi injini isimame.

Hesabu hiyo ndogo inafichua kosa jingine. Rezista sharti iunganishwe upande wa alternata. Ikiunganishwa upande wa betri, itakuwa ikinyonya betri muda wote ambao swichi imezimwa. Mwenye gari atakayedhani amelala salama ataamka akute betri imekauka na rezista imeungua.

Wapo wanaochagua njia nyingine. Huunganisha waya mkuu wa alternata moja kwa moja kwenye upande wa betri, hivi kwamba swichi inapozimwa, betri na alternata hubaki pamoja huku gari lote likikosa umeme. Injini huzima, na hakuna mpando wa ghafla kwa kuwa betri ingali ikituliza alternata.

Kasoro ya njia hiyo ni kwamba waya mmoja mnene hubaki na umeme hadi ndani ya chumba cha injini hata baada ya swichi kuzimwa. Anayeichagua hana budi kuweka fyuzi kubwa karibu kabisa na betri. Kwa gari la mashindano njia hiyo haifai, kwani kanuni zinataka umeme wote ukatwe.

Chanya au hasi?

Mafundi wengine hupendelea kuweka swichi kwenye waya hasi, ule unaotoka kwenye betri hadi kwenye fremu. Ni rahisi, waya wake ni mfupi, na hulinda vyema gari lililoegeshwa.

Lakini alternata imefungwa kwa bolti kwenye injini, na mwili wake ndio ncha yake hasi. Ikishazunguka, hukamilisha mzunguko wake bila kuihitaji betri. Kwa hivyo swichi ya upande wa hasi isiyokata waya wa koili haizimi injini, sawa na ile ya upande wa chanya yenye ncha mbili tu.

Kwa gari litakaloegeshwa majira yote ya baridi, swichi sahili ya upande wa hasi yatosha. Kwa gari ambalo dereva anategemea swichi imwokoe, haitoshi.

Hatua za kufunga

Kabla ya spana kushikwa, mahali pa swichi pachaguliwe kwa makini. Dereva aliyefunga mkanda aweze kuifikia bila kujinyoosha. Isiwe pale ambapo goti litaigonga, wala karibu na bomba la moshi, wala panaporushiwa maji na magurudumu. Kadiri inavyokuwa karibu na betri ndivyo waya mnene unavyopungua urefu, na pamoja nao hatari.

Uwezo wa swichi nao uangaliwe. Stata ya injini ya kawaida ya silinda nne huweza kuvuta zaidi ya ampea 100 kwa sekunde kadhaa. Swichi nyingi huandikwa uwezo wa ampea 100 mfululizo na ampea 500 kwa muda mfupi. Isiyoandikwa chochote isinunuliwe.

Kazi yenyewe huanza kwa kufungua waya hasi wa betri. Mpangilio huo una sababu. Spana inayofungua ncha chanya ikigusa fremu ilhali waya hasi umefungwa, shoti itatokea mkononi mwa fundi. Waya hasi ukishaondolewa, spana haiwezi kuleta madhara hayo. Wakati wa kurejesha, waya hasi huwa wa mwisho.

Baada ya tundu kutobolewa na swichi kufungwa imara, waya mnene hukatwa na kugawanywa kwa ncha mbili kubwa. Waya mpya usiwe mwembamba kuliko ule wa awali. Wengi hutumia ule mlaini wa kuchomelea vyuma, wenye shaba ya milimita mraba 25 au zaidi.

Pete za shaba za mwishoni mwa waya zibanwe kwa kifaa maalumu, si kwa nyundo. Pete iliyobanwa vibaya hupata joto kila stata inapovuta umeme, na joto hilo huilegeza zaidi. Kila mahali waya unapopenya bati, pawekwe mpira wa kukinga tundu.

Kisha fundi ahakikishe kwamba ncha chanya ya betri ina waya mmoja tu, ule unaoelekea kwenye swichi. Kisanduku cha fyuzi, stata na vifaa vingine vyote vichukue umeme upande wa pili. Waya mmoja tu ulioachwa kwenye betri kwa kusahauliwa hubatilisha kazi yote, kwa kuwa huendelea kulilisha gari kwa mlango wa nyuma.

Kujaribu kabla ya kuamini

Majaribio yafanywe kwa utaratibu, injini ikiwa imezimwa kwanza. Kwa kutumia mita ya kupimia umeme, fundi athibitishe ni jozi ipi ya ncha ndogo inayotengana na ipi inayoungana swichi inapozimwa. Jozi zikibadilishana nafasi, koili itakosa umeme wakati injini inahitajika na kuupata wakati haitakiwi.

Pili, swichi ikiwa imezimwa, ufunguo wa gari ugeuzwe. Taa zisiwake, honi isilie, na mshale wowote wa dashibodi usitikisike.

Tatu, injini iwashwe na kuachwa ingurume polepole, kisha swichi izimwe. Injini sharti ife papo hapo. Jaribio hilo lirudiwe injini ikizunguka kwa kasi zaidi huku taa zikiwa zimezimwa. Injini inayonguruma polepole ikiwa imebeba mzigo wa taa huweza kuzima kwa sababu tu alternata imelemewa, na fundi akadhani waya wa koili umekatika. Kwa kasi ya juu, udanganyifu huo hutoweka.

Mwisho, kipimo kichukuliwe kati ya ncha mbili kubwa wakati stata inazungusha injini. Mita ikaribie sifuri. Ikionyesha nusu volti au zaidi, kuna mguso mbovu ndani ya swichi au kwenye pete, na mguso huo utakuja kuwa chanzo cha joto.

Matumizi ya kila siku

Swichi hii si ya kuzimia gari kila siku. Kwa kawaida injini huzimwa kwa ufunguo wake, kisha dereva husubiri kidogo kabla ya kukata betri. Kompyuta za injini huhitaji sekunde kadhaa kuhifadhi taarifa zake baada ya kuzimwa, na zikikatizwa kila mara injini inaweza kuanza kusumbua inapowashwa.

Pia ni muhimu kufahamu mipaka ya kifaa hiki. Hukata umeme, lakini hakipozi bomba la moshi. Petroli inayodondokea chuma kilichopata joto kali yaweza kuwaka bila cheche yoyote. Kizima-moto kilichofungwa karibu na dereva kingali cha lazima, na mabomba ya petroli yapitishwe mbali na ya moshi.

Nchini Kenya, magari ya kujiundia kwa seti si mengi, lakini mafunzo haya yana wenyewe. Wapo wanaoyakarabati magari ya zamani kwa ajili ya mbio za humu nchini, na wapo mafundi wa jua kali wanaobadilisha mfumo wa umeme wa magari ya kazi. Yeyote anayeongeza swichi kwenye gari lenye alternata anakabiliwa na mtego ule ule.

Mashabiki wa mbio nao wana lao la kujifunza. Gari linapopinduka kando ya barabara ya vumbi, watu hukimbilia kulisukuma lisimame kabla ya kuzima chochote. Anayeijua pembetatu ya buluu ataitafuta kwanza, kwa kawaida chini ya kioo cha mbele, na kuvuta au kugeuza kifaa kilicho kando yake kabla ya wenzake kuligusa gari.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Kwa mwenye gari, tahadhari hiyo ni kubandika alama mahali panapoonekana, kumfundisha kila anayeliendesha namna ya kuitumia swichi, na kuijaribu injini ikinguruma angalau kila mwanzo wa msimu. Swichi ambayo haijawahi kujaribiwa hivyo haijulikani kama itazima injini au la.